Uchovu Usioondoka kwa Kulala

Wateja wameniuliza sana kwa nini siku hizi sipokei zaidi ya magauni mawili ya harusi kwa mwezi. Jibu ni kwamba nina ugonjwa wa uchovu sugu, ambao madaktari huuandika ME/CFS.

Si uchovu wa kushona mpaka usiku wa manane, ule ukilala unaondoka. Huu unaamka nao. Alama yake kubwa ni kuwa ukijikaza leo, mwili unakudai kesho au keshokutwa. Jumatatu nikikaa kwenye cherehani saa 4 mfululizo nitaonekana mzima, Jumatano siwezi kuinua ndoo. Ndiyo maana watu hawaamini, wanakuona siku ile uliyocheka tu.

Hakuna kipimo kimoja kinachouonesha. Kwanza daktari anatafuta yanayofanana nao: upungufu wa damu, sukari, tezi ya thairoidi, na mimba pia (msicheke). Mwenye hedhi nzito aanze na damu, pengine anakosa madini ya chuma tu, na hilo linatibika. Marekani hutaka dalili zidumu miezi 6 ndipo wautaje, Uingereza miezi 3.

Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Hutibiwa maumivu, usingizi, kizunguzungu. Nimeletewa chupa za kila aina, mashallah. Habbasoda na asali natumia, kisomo nasomewa na roho inatulia, lakini anayekuuzia chupa ya "kumaliza kabisa" anataka pesa zako. Wapo pia wa "fanya mazoezi". Zamani hata madaktari walishauri kuongeza mazoezi hatua kwa hatua. Mwaka 2021 mwongozo wa Uingereza ukaacha kuyapendekeza kuwa tiba ya ugonjwa huu.

Kinachonisaidia ni kupumzika kabla sijachoka. Nakata kitambaa dakika 20, nalala chali dakika 20, simu iko chumba kingine. Pasi napiga nimekaa. Shanga anashona msaidizi. Vipimo naandika palepale, maana nikigeuka tu kiuno cha mteja nimeshakisahau.

Kusali nimekaa ndiko kulikonitia huzuni kuliko yote. Lakini hadithi ya Imran bin Husein iko wazi: asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale ubavu. Na kwenye saumu, aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Kama ni kulipa siku au kutoa fidia, muulize sheikh, umpe na maelezo ya daktari. Wifi akikukuta unakunywa maji mchana wa Ramadhani, mwambie una udhuru, basi. Huna deni la maelezo kwake.

Maharusi wangu wenye hali hii, mwambieni mchumba kabla ya nikah. Najua mama atasema utaharibu posa, na mimi siafikiani naye. Mume asiyejua akikukuta umelala saa 6 mchana, atadhani umemchoka yeye.

Singo, hina, nikah na kupambwa visibanwe siku moja. Ombeni siku mbili tupu katikati, na hina mpakwe mmelala. Gauni tulijaribu wiki nzima kabla. Mkija kwangu njooni asubuhi, na mkeka upo chumba cha ndani, tutajinyoosha sote.