Choo chenye kufuli

Hapa Niboye, mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kwenda vizuri kwenye lami, halafu akashindwa mita mbili za mwisho. Kati ya barabara na duka kuna mfereji wa maji ya mvua, juu yake mbao mbili, na kisha ngazi tatu. Niko najifunza usanifu kwa wote, kwa hiyo natembea na futi kamba mfukoni. Majirani wananiita "injinia" na kucheka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45. Basi mteremko wake ni mita 5 na sentimita 40. Mwenye duka aliniuliza: "Mita tano nitazitoa wapi, ndugu yangu? Nivunje duka?" Ana haki. Kigali ni milima. Lakini kama mlango ungewekwa upande wa juu wa kiwanja kabla ya kumwaga zege, hata ngazi moja isingehitajika.

Aliyeipa elimu hii jina ni Ronald Mace, msanifu wa Marekani aliyeugua polio akiwa mtoto na kutumia kiti cha magurudumu. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7. Ya kwanza ndiyo inayonishika: watu wote watumie kitu kwa njia ileile inapowezekana, pasipo kumtenga yeyote.

Inanishika kwa sababu ya mama mkubwa, anayetembea kwa magongo. Kambini tulijengewa choo cha walemavu: mlango mpana, vyuma vya kushikilia, mteremko mzuri kabisa. Na kufuli. Ufunguo ulikaa kwa mtu wa kamati, naye alikuwa sokoni, ao kanisani, ao amelala. Mama mkubwa akaanza kuacha kunywa maji tangu saa kumi jioni. Wageni walipokuja kupiga picha, kilikuwa wazi. "Ile choo haiko yangu," alikuwa akisema, "iko ya wageni."

Ninyi mnaochora vyoo vya kambi, kwa nini mlango mpana uwe mmoja tu? Mama mwenye mtoto mgongoni na jerikani mkononi anauhitaji. Mjamzito pia, na mtu aliyelegezwa na malaria. Mipana ikiwa mingi, kufuli litalinda nini?

Sasa mama mkubwa anaishi nami Niboye. Choo cha uani tunakitumia familia nne. Mwenye nyumba alikubali tugeuze mlango ufunguke kwa nje, tukafunga bomba la chuma ukutani. Mwezi uliofuata kijana wake alianguka na pikipiki akavunjika mguu. Sasa ndiye anayelishikilia zaidi kuliko sisi wote.