Fuwele, umeme na pikseli milioni 6

Leo tuweke kando habari za tovuti na hifadhidata. Tuzungumze juu ya mawe.

Ukipita kwenye mito yetu ya mchanga huku Kitui na Makueni utaona vijiwe vyeupe vinavyometameta. Vingi ni kwatsi. Kwatsi ni fuwele, yaani atomi zake zimejipanga safu kwa safu kama matofali ukutani. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za namna hii zikibanwa hutoa umeme. Mwaka 1881 wakathibitisha kinyume chake: zikipewa umeme, hubadilika umbo. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza hutumia ugunduzi wa kwanza. Mashine ya kupiga picha ya mimba hospitalini hutumia yote mawili.

Sasa swali: umeme ukiwashwa, atomi zenyewe husogea vipi? Macho hayawezi kuona. Inabidi kutumia eksirei kali. Ukiimulika kauri yenye chembechembe nyingi za fuwele, eksirei hutawanyika na kuchora duara juu ya duara, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Kila duara hueleza umbali kati ya safu za atomi.

Zamani kigunduzi kilipima nukta moja tu, kikasogezwa polepole kutoka nukta hadi nukta. Siku hizi kuna kigunduzi bapa, mithili ya kamera, kinachonasa duara zote kwa mpigo mmoja. Kimoja maarufu, Pilatus 6M, kina pikseli 2463 kwa 2527, na kila pikseli ina upana wa milimita 0.172.

Kwa nini upana huo ni muhimu? Chukua kauri ya bariamu titanati. Kila kijumba cha atomi zake kina upande mmoja uliozidi mingine kwa asilimia 1 hivi. Ukiwasha umeme mkali, vijumba vingi hugeuza upande mrefu kuelekea kwenye uga wa umeme. Pichani, duara moja hukolea upande wa uga na kufifia pembeni, huku jirani yake ikifanya kinyume. Anayepima mstari mmoja tu haoni habari yote.

Nilipiga hesabu. Kigunduzi kikiwa mita 1 kutoka kwenye kauri, na eksirei zikiwa na urefu wa wimbi wa angstromu 0.15, duara hizo mbili hupishana kwa milimita 0.78 tu. Hizo ni pikseli 4 na nusu! Hapo ndipo nilipogundua kwamba hii si kazi ya wanafizikia peke yao. Ni kazi yetu pia, sisi wa programu.

Mdogo wangu anasoma fizikia, na aliniuliza swali zito: ya nini kusomea jambo ambalo mashine yake haiko Afrika? Ni kweli, bara letu halina sinkrotroni hata moja. Mkutano wa kwanza wa kuipigania ulifanyika Novemba 2015, tena Grenoble, Ufaransa, iliko mashine ya ESRF yenye mzunguko wa mita 844. Nchini Jordan, SESAME ilifunguliwa mwaka 2017.

Nilimjibu hivi. Mashine iko mbali, lakini picha zinasafiri. Kwa kanuni ya ESRF, data za majaribio ya umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wote baada ya miaka 3. Programu yao ya pyFAI ni ya bure, imeandikwa kwa Python, na inaendeshwa kwenye laptopu ya kawaida. Huikata picha vipande kama keki: ukichagua vipande 36 vya nukta 1000, unabaki na nambari 36,000 badala ya milioni 6. Hapo unaweza kuona duara ikikolea na kufifia.

Kikwazo ni bando. Picha moja ambayo haijabanwa ni takriban megabaiti 25, kwa hiyo picha 1000 ni gigabaiti 25. Chuo kimoja kikipakua mara moja na kuhifadhi kwenye diski ngumu, wanafunzi wote wanaweza kugawana. Hilo halihitaji sinkrotroni. Linahitaji diski, mtu wa Python na mtu wa fizikia wakae meza moja.

Mimi na mdogo wangu tumeanza na picha 20. Anayetaka kujiunga, karibu.