Picha ya Pili



Sisi mafundi cherehani wa Tunduma tunajua nguo hupimwa mara mbili. Wifi yetu alipogundulika na saratani ya mlango wa kizazi, tulimsindikiza Ocean Road, Dar es Salaam. Tukaelezwa: picha ya kabla ya mionzi huonyesha ukubwa wa uvimbe na kama umefika kwenye tezi, ya baadaye huonyesha kama umesinyaa. Ukisinyaa vizuri, matumaini huongezeka.

Wifi aliiogopa picha ya pili kuliko mionzi yenyewe. “Wifi, tuombe dua tukijua tunachokiomba,” tulimwambia.

Umesinyaa, alhamdulillah. Bado anahudhuria kliniki. Picha si hukumu, Mwenye hukumu ni Mola.

Dada uliyefika miaka 30, usingoje dalili. Kapime.