Dar es Salaam Hadi Jidda: Masafa na Saa

Atazamaye ramani huona kuwa Dar es Salaam na Jidda zimo karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Masafa baina ya uwanja wa Julius Nyerere na uwanja wa Mfalme Abdulaziz, kwa njia iliyonyooka, ni kilomita zipatazo 3,160. Ndege isiyotua njiani huyakata kwa muda wa saa nne na nusu hivi, wala msafiri hana haja ya kugeuza saa yake, kwani majira ya Tanzania na ya Saudi Arabia ni mamoja.

Mbingu zikiwa safi, aliyekaa upande wa kushoto huweza kuuona mlima wa Kilimanjaro. Baadaye huja nyanda kavu za kaskazini ya Kenya, kisha milima ya Uhabeshi, nchi ya Najashi, ambako Masahaba walikimbilia mwaka 615 walipoudhiwa Makka. Mwisho ni Bahari ya Shamu, na ng'ambo yake Jidda. Wazee wetu wa mwambao walingoja pepo za kusi, wakapanda jahazi hadi Adeni, na kutoka huko wakatafuta chombo cha Jidda. Safari ya majuma mengi.

Kwa wepesi huu wa leo, vijana chuoni hutuuliza: Je, aliyekaa kitini akaletewa chakula, akafika kabla ya kuchoka, naye ni msafiri wa kupunguza Sala? Jawabu ni ndiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kipimo ni masafa, si saa wala taabu. Masafa hayo ni marhala mbili, yaani kilomita themanini na kitu. Ndege ikishatulia angani huenda kilomita zipatazo 14 kila dakika. Basi huyamaliza kwa dakika sita. Lakini ruhusa haianzi mpaka mtu atoke katika mji wake. Mkaazi wa Dar es Salaam anayesali uwanjani angali mjini kwake, na Sala yake ni kamili.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni mikati. Aendaye moja kwa moja kwa Hija au Umra, akitokea kusini, hunuia ihramu ndege ikiwa sambamba na Yalamlam, kabla ya kufika Jidda. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986 liliamua kuwa msafiri wa angani hana ruhusa ya kuichelewesha mpaka Jidda. Msafiri wa jahazi aliyesema, "Ngoja kidogo," alikuwa na wasaa. Wa ndege akikawia dakika kumi huenda ameacha nyuma kilomita 140, na aliyevuka mikati bila ihramu asirejee, hulazimika kuchinja.

Kwa hiyo twawausia wazee na vijana: ogeni na mvae shuka zenu nyumbani, msingoje choo chembamba cha ndege chenye watu mlangoni. Kisha nuieni mtangaziwapo mikati, au kabla yake kidogo. Na wanawake wakumbushwe vivyo hivyo, kwani nia ni yao pia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote waikusudiao Nyumba Yake, na azikubali ibada zao. Amin.