Gari likichemsha, tusitibu dalili

Jamani wadau, hivi kuna kero kama gari linalochemsha kila baada ya wiki mbili? Langu limebadilishiwa rejeta, likabadilishiwa pampu ya maji, na bado mshale wa temperecha unapanda nikiwa kwenye foleni ya Mwenge. Kila fundi ana jibu lake, na kila jibu lina bei yake!

Jibu ninalolisikia sana ni hili: "Toa themostati, huku kwetu joto, haina kazi." Sikubaliani nalo. Themostati nyingi hufunguka injini ikifika nyuzi 80 na kitu, ili ipate moto haraka na ibaki hapo. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto, mafuta yanaliwa zaidi, na ugonjwa uko palepale.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta. Unadharaulika, lakini ndio unaoshikilia presha, na maji yenye presha huchemka baada ya kupita nyuzi 100. Springi yake ikilegea, rejeta mpya haikusaidii. Na yale maji ya kisima yenye chumvi huleta kutu na magamba yanayoziba njia. Kulanti si anasa.

Kinachoniuma si hela tu. Fikiria gasketi ya silinda hedi inaungua usiku mlima Kitonga, una watoto ndani ya gari...

Basi tudai kitu kimoja: fundi apime presha ya mfumo mzima kwanza, ndipo atuuzie kipuri. Akikataa, tafuta mwingine. Au mnasemaje?