Jambia Moja, Ndugu Wawili

Ukiolewa na mtu wa pwani, usishangae bwana harusi akiingia na joho, kilemba, na jambia kiunoni. Sisi wa bara tunadhani ni pambo la kupigia picha. Kwa wakwe zangu Bweni, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, jambia lao limeshavaliwa na babu, baba mkwe, shemeji yangu mkubwa na mume wangu. Limefuliwa kwa mkono, na ukilipeleka kwenye mwanga unaziona alama za nyundo.

Kasheshe ilianza baba mkwe aliposema amechoka kulitunza. Shemeji akadai ni lake, yeye ndiye mkubwa. Mume wangu naye akadai ni lake, kwa sababu ndiye anayelipaka mafuta. Jamani, watu wa tumbo moja wakanuniana miezi minne! Simu ya Idi ilikuwa salamu tu, basi.

Mimi kwangu Dar sikulitaka. Nina mtoto wa miaka mitatu anayepanda mpaka juu ya friji, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya msumari.

Aliyemaliza ubishi ni mama mkwe, tena huku akisuka ukili wake. "Litakaa hapa, ukutani kwangu. Anayeoa aje achukue, akimaliza arudishe. Na huo ubao mtatengeneza nyinyi wawili."

Walichagua mninga, mbao isiyopinda ovyo na ambayo mchwa hawaipendi. Wakaulaza ubao, wakaweka jambia juu yake, wakafuatisha umbo kwa penseli. Hapo ndipo pana kazi: jambia limepinda, uzito wake uko kwenye kipini, ukiweka vigingi kwa kukadiria linaning'inia kichwa chini. Kigingi kimoja kikakaa karibu na kipini, kingine kwenye pindo. Matundu waliyatoboa kwa mshazari kidogo ili vigingi vitazame juu, chuma kisiteleze.

Shemeji alitaka jambia likae ndani ya ala, lipendeze. Mume wangu akakataa, na nilikuwa upande wake: ala ni ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu, na kwa upepo wa chumvi wa Bweni kutu haichelewi. Basi wakaongeza vigingi viwili chini kwa ajili ya ala peke yake. Vya juu vikavishwa kitambaa cha pamba. Nyuma ya ubao wakabandika vipande vidogo vya mbao, hewa ipite kati yake na ukuta. Sharti langu lilikuwa moja tu: juu, mtoto aliyepanda kiti asifike.

Ukuta wenyewe ni wa matumbawe na chokaa. Msumari ukigongwa unabomoka kama mkate mkavu. Wakatoboa kwa keekee, wakashindilia vijiti vya mbao, ndipo skrubu zikashika.

Kipini chake ni cha mti, nashukuru. Kama kwenu kuna la zamani lenye kipini cha pembe, ulizieni Maliasili kabla ya kulitundika, maana pembe ya faru bila kibali ni kesi.

Kuna waliosema lingefungiwa kwenye kabati la kioo. Mimi naona hapana. Oman, ambako jambia liko mpaka kwenye bendera ya taifa na huitwa hanjari, UNESCO mwaka 2022 iliorodhesha ufundi wa kulitengeneza pamoja na desturi za kulivaa. Kulivaa, jamani! La kabatini nani atalivaa?

Desemba mpwa wao akaoa Kilindoni, jambia likashushwa. Wiki nzima mama mkwe alitundika kofia ya mzee kwenye vile vigingi. Aliyelirudisha ni shemeji, na usiku ule ule akampigia mume wangu kumuuliza anatumia mafuta gani. Waliongea mpaka salio likakata.