Dakika Mbili za Hofu

Ndugu zangu, kumtisha mtu kwenye filamu si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Unahitaji usiku, mlango unaolia, paka mweusi, na mwanamke aliyejitanda shuka jeupe ambaye miguu yake haigusi chini. Ukiongeza mlio wa ngoma kwa mbali, umemaliza. Mtazamaji anajua kabla hujamwambia: hapa pana uchawi, na kuna mtu atakufa kabla jina la muongozaji halijatokea.

Hiyo ndiyo faida ya filamu kuwa na aina. Ya mapenzi ina kanuni zake, ya kuchekesha ina zake, na ya kutisha ina zake. Ni mkataba ambao mtazamaji na mtengenezaji wameshawekeana siku nyingi. Mussa Banzi aliuelewa vizuri mkataba huo alipotutengenezea Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000. Waliokuwa wadogo wakati ule waulizeni ni nani aliyelala na taa ikiwaka.

Nayasema haya kwa sababu nilipokuwa chuoni tulipewa kazi ya kundi: watu wanne, mwanzo wa filamu usiozidi dakika mbili. Si filamu nzima, ni mwanzo tu. Chagueni aina, onyesheni kwamba mnazijua kanuni zake, kisha elezeni kwa maandishi ni zipi mmezifuata, zipi mmezivunja na kwa nini. Katika kundi letu mmoja alikuwa muongozaji, mmoja mpiga picha, mmoja wa sauti. Mimi nikawa mratibu, maana yake barua, vibali, nauli, chakula na kuhakikisha betri zina chaji. Kazi hiyo inamfaa mwandishi wa habari. Sisi tumezoea kubisha hodi kwenye milango ya watu.

Tukachagua filamu ya kutisha. Tukachagua Njombe. Muongozaji wetu ni mwenyeji wa huko, na alituambia jambo moja lililomaliza mjadala: ukungu ni wa bure. Dar es Salaam watu wanahangaika kutengeneza moshi wa bandia. Njombe iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukienda Juni au Julai, asubuhi unaukuta ukungu umekaa barabarani kama mwenye nyumba, na wewe ndiye unayepaswa kupiga hodi.

Basi muongozaji akaleta wazo. Asubuhi. Mtoto wa shule anatembea peke yake kwenye barabara ya vumbi, miti mirefu huku na huku. Nyuma yake, ndani ya ukungu, zinaonekana taa mbili za gari linalokuja taratibu. Linampita. Linasimama. Mlango unafunguka, lakini aliyefungua haonekani. Giza. Picha inarudi: kiatu kimoja barabarani. Jina la filamu.

Kwa kanuni, wazo lilikuwa kamili. Mtengenezaji wa filamu za kutisha anajua kwamba kisichoonekana kinatisha kuliko kinachoonekana. Steven Spielberg alipofungua Jaws mwaka 1975, alimtia msichana baharini usiku, akamvuta chini, na papa mwenyewe hatukumwona. John Carpenter alipofungua Halloween mwaka 1978, alituvalisha macho ya muuaji, tukatembea naye ndani ya nyumba, kisha ndiyo tukaambiwa kwamba muuaji ni mtoto wa miaka sita. Mtu asiyejulikana, mahali patupu, asiye na wa kumtetea, na kitu kimoja kidogo kinachobaki kutueleza yaliyotokea. Vyote tulikuwa navyo.

Lakini mratibu huwa anasoma skripti tofauti na wenzake. Wao wanaona picha, yeye anaona mahitaji. Nikakaa na daftari langu: mtoto mmoja, umri kati ya miaka saba na tisa. Sare ya shule. Ruhusa ya wazazi. Gari moja, ikiwezekana jeusi. Barabara isiyo na watu, saa kumi na mbili asubuhi. Kijiji gani?

Hapo ndipo orodha yangu ilipoanza kuniangalia vibaya.

Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto kadhaa walitekwa na kuuawa mkoani Njombe. Nchi nzima ilisikia. Viongozi wa serikali walikwenda, polisi wakakamata watu, na mauaji yakahusishwa na imani za kishirikina, zile za kudanganyana kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Kwetu tulio mbali zilikuwa habari za kusoma, kusikitika na kusogeza kidole kwenda habari inayofuata. Kwa watu wa Njombe ilikuwa ni asubuhi. Kila asubuhi, mtoto anatakiwa kwenda shule.

Mama yake muongozaji, ambaye ndiye aliyetupokea na kutulaza, alituuliza wakati tunakota moto jikoni, "Wanangu, hiyo sinema yenu inahusu nini?" Mwanawe akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, hadi kiatu. Mama akageuza kuni moja, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu:

"Na huyo mtoto mtamtoa kwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Akatuambia kwamba mwaka ule wa 2019 yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza mjukuu wake shuleni na kumfuata, akiwa na panga mkononi. Likipita gari wasilolijua, walikuwa wanatoka barabarani na kusimama shambani mpaka limalizike.

Tulipokwenda kulala, ubishi ukaanza. Muongozaji hakuwa tayari kuliacha wazo lake, na hoja yake haikuwa ya kitoto. Alisema: sanaa isipogusa panapouma itagusa wapi? Tutengeneze filamu za majini wa baharini ilhali hofu yetu ya kweli tunaijua? Tukinyamaza, si tunawasaidia wauaji?

Ni hoja nzito, na mpaka leo naiheshimu. Jibu langu lilikuwa kwamba mimi siogopi habari hiyo kuwekwa kwenye filamu. Naogopa kuiweka kwenye dakika mbili. Mwanzo wa filamu hauna nafasi ya mama, hauna nafasi ya mahakama, hauna nafasi ya kuuliza ni nani aliyemwambia mfanyabiashara kwamba damu huvuta wateja. Mwanzo una nafasi ya kiatu tu. Atakayetengeneza filamu nzima, akakaa na wazazi wale, akawaonyesha kama watu, huyo nitamlipia kiingilio. Lakini sisi tungechukua msiba wa watu tukautumia kama chumvi ili mwalimu aseme "mmeweza". Kidonda cha mtu si kitoweo.

Na kulikuwa na jambo la pili, la usalama wetu wenyewe. Oktoba 2016, watafiti wa udongo waliotoka Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa kazini katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma. Palipigwa kelele kwamba wao ni wanyonya damu. Wakauawa watu watatu, na gari lao likachomwa moto. Watu waliotumwa na kazi, wenye vifaa, kwenye gari wasilolijua wenyeji. Sasa jisomeni nyinyi wenyewe: vijana wanne, vifaa vya ajabu, gari jeusi, mtoto peke yake, ukungu, saa kumi na mbili asubuhi. Filamu yetu ilikuwa inafanana mno na jambo lile lile ambalo watu wamefundishwa kulikimbilia na marungu.

Wa sauti, ambaye muda wote alikuwa kimya (watu wa sauti ndivyo walivyo), ndiye aliyelitatua. Alisema: "Na kama anayeogopa ni mgeni?"

Tukatazamana.

Mwaka 2017 Jordan Peele alifungua Get Out kwa kijana mweusi anayetembea usiku kwenye mtaa wa matajiri, nyasi zimekatwa, miti imepangwa, taa zinawaka. Katika filamu nyingi za Marekani, mtaa kama ule ndio usalama wenyewe na mtu kama yule ndiye hatari. Yeye akageuza. Kanuni zote zipo: usiku, upweke, gari linalofuata taratibu. Kilichobadilika ni nani anayeogopa. Sisi nasi tungeweza kubaki na ukungu wetu, upweke wetu na milango yetu, tukaondoa mtoto na gari, tukamweka mgeni mmoja anayetafuta pa kulala.

Ndipo Makambako ikaingia kwenye filamu. Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60 tu, lakini kwa habari ya ugeni ni nchi mbili. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya kwenda Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA iliyojengwa miaka ya 1970 ina stesheni hapo. Kila mtu ni mgeni, na kwa hiyo hakuna mgeni. Ukishuka kwenye basi utaitwa kaka, bosi, mjomba na mchumba kabla mguu wa pili haujagusa ardhi. Utauziwa mahindi ya kuchoma na soksi. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Kwa hiyo sekunde thelathini za kwanza zikawa Makambako: makelele, taa za malori, mvuke wa chai, kijana anashuka na begi lake. Zilizobaki zikawa kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe: kijana huyo huyo, barabara, ukungu, na ukimya. Anasema "hodi". Mlango wa kwanza unafungwa. Wa pili unafungwa. Wa tatu alikuwa bado hajaufikia, nao unafungwa.

Sasa ikaja zamu yangu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na mwanafunzi asidhani yeye ni malaika. Nikabeba barua ya chuo, nikaanza na ofisi ya utamaduni, nikashuka kwa mtendaji, nikamalizia kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alisoma barua mara mbili, kisha akatuuliza ana kwa ana kama kuna mtoto humo. Tukasema hakuna. Akasema, "Kama hakuna mtoto, karibuni." Jioni ile akawaita watu wake, tukajieleza mbele yao, tukawaonyesha kamera, wakaishika. Tulianza na "kamwene", tukamaliza na viazi vya kuchemsha.

Watu wa kijiji ndio waliocheza kama watu wa kijiji. Shida ilikuwa kicheko: kila mlango ulipofungwa, ndani mtu anaangua. Giza la kwetu nalo halisubiri. Jua likizama una kama dakika ishirini za ule mwanga wa bluu, halafu basi. Kioo cha kamera kilipata mvuke kila tulipoingia jikoni, na betri zilikufa kwa baridi mpaka nikawa nazilea kwapani. Mwigizaji wetu, kijana wa Tanga, alitetemeka bila kuelekezwa.

Kisha mzee mmoja akaufunga mlango wake bila kucheka. Aliufunga polepole, macho yakiwa kwa kijana hadi nafasi ya mwisho, tukasikia komeo likiingia. Hakuna aliyesema "kata". Wa sauti alirudi baadaye kulirekodi lile komeo peke yake, mara sita. Ndilo linalomalizia dakika zetu mbili: komeo, taa inazimwa ndani, sauti ya mama inasema "nyamaza", na jina la filamu linatokea: Mgeni.

Darasani tuliulizwa kama hiyo ni filamu ya kutisha au ya kusikitisha, maana haina damu wala jini. Tukapata B. Sikugombana na mtu.

Maksi zangu nilizipata kwingine. Tulirudi Njombe kuwaonyesha wenyeji, kwenye laptop iliyowekwa juu ya gunia la viazi. Mama mwenyeji wetu aliangalia mpaka mwisho bila neno. Tulipomuuliza, alisema, "Yule kijana masikini. Wangemfungulia tu, baridi ile."

Kisha akafikiri kidogo.

"Lakini mimi nisingefungua."

Wewe je?